Picha ilikuwa sawa, kielekezi kilikuwa sawa, kipini kikaenda kombo

#1 Mpandameno

Wakuu, habari za humu. Kila nikipita kwenye nyuzi za vipandikizi vya meno (zile skrubu zinazopandwa mfupani kubeba jino jipya) nakuta watu wanavutana: skani ya CBCT, ile ya mionzi inayoonesha mfupa wa taya pande zote tatu, ni ya lazima au ni mbwembwe za madaktari? Naleta kisa cha wiki iliyopita, mtakipima wenyewe.

Mgonjwa hana gego la kwanza la chini kushoto. Tukampiga CBCT, tukaskani na meno yenyewe, tukaziunganisha picha mbili kwenye kompyuta. Nikachagua kipandikizi cha upana wa milimita 4.1, urefu milimita 10. Kutoka ncha yake hadi paa la mfereji wa neva zilibaki milimita 2.6. Mbele, hadi mzizi wa gego dogo la jirani, milimita 2. Nikaridhika, maabara wakachapa kielekezi. Kwa asiyekijua, ni kipande cha plastiki ngumu kinachovalishwa juu ya meno, kina tundu linaloishika drili isiyumbe.

Siku ya kazi nikakivalisha, kikakaa. Nikaingiza drili ya kwanza, ya milimita 2. Hapo nina kawaida moja ambayo vijana kazini wananitania nayo: natoa kielekezi, nachomeka kipini kwenye lile tundu jembamba, napiga filamu ndogo ya eksirei ya mdomoni, ndipo niendelee. Filamu ikatoka. Kipini kimelalia mbele. Zile milimita 2 za kufika kwenye mzizi zimebaki moja kasoro.

Nikarudi kwenye skrini mara 3, mpango hauna tatizo. Nikavalisha kielekezi tena na safari hii nikaweka taa vizuri kwenye vidirisha, yale matobo yanayoachwa makusudi uone kama plastiki imeligusa jino. Dirisha la nyuma, imegusa. Dirisha la mbele, kuna ufa mweusi, pengine milimita moja. Na ukweli ni kwamba niliuona tangu mwanzo nikadhani ni mate.

Nikamuuliza mgonjwa, hili jino lilizibwa lini? Akanyoosha vidole vitano. Siku 5 baada ya skani zibo la zamani lilidondoka, akaenda kuzibwa kwingine, hakuona sababu ya kunisumbua na habari hiyo. Zibo jipya lilikuwa refu kuliko la zamani. Kielekezi kilichochongwa kwa jino la zamani kikawa kimepandia jipya, kikanyanyuka mbele, na kikinyanyuka mbele ncha ya drili inakimbilia hukohuko mbele.

Nikachonga plastiki kwa ndani, ikashuka, kipini cha pili kikasimama nilipokitaka. Tundu la milimita 2 bado linasahihishika. Ningekuwa nimeshapanua hadi drili ya mwisho, leo nisingekuwa na hamu ya kuandika.

Picha naitetea kwa nguvu zote, ila ni ya siku ile ilipopigwa, na kati yake na mfupa inapita mikono mingi. Karibuni.

#2 Pengo_Kushoto

Daktari shukrani kwa kuwa muwazi, wengi hawasemi haya. Mimi nami nina pengo chini kushoto, jina lenyewe linajieleza. Nilishapigwa OPG, ile inayoonesha meno yote kwa mkupuo. Daktari wangu amepima akasema mfupa upo wa kutosha. Sasa hiyo CBCT inaongeza nini ambacho OPG haina?

#3 Mpandameno

Pengo, swali zuri, nalijibu kwa kirefu kidogo.

OPG ni kivuli cha taya kilichokunjuliwa kwenye karatasi. Inafaa sana kuanzia: unaona meno yaliyobaki, uvimbe, mizizi iliyosahaulika, takriban neva inapita wapi. Shida ya kwanza, inakuza. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 30, na haikuzi sawa kila mahali. Ukikaa kombo kidogo kwenye mashine upande mmoja unanenepa. Ndiyo maana zamani tulikuwa tunabandika kigololi cha chuma cha milimita 5 kwenye pengo kabla ya kupiga. Kama gololi kwenye picha inasoma 6.25, na mfupa mpaka kwenye neva unasoma 17.5, basi mfupa halisi ni 17.5 mara 5 gawanya kwa 6.25, yaani 14. Muulize daktari wako kama hesabu hiyo imefanyika au amepima na rula tu.

Shida ya pili ni kubwa zaidi na gololi haiitibu: OPG haina unene. Ukitazama kivuli cha ubao ukutani huwezi kujua kama ni ubao wa inchi moja au bango la karatasi. Jino likishang'olewa, ukingo wa mfupa unakonda kuanzia upande wa shavu. Nimeona taya ambalo kwenye OPG lina kimo cha kifalme, ukilikata kwenye CBCT juu lina unene wa milimita 3, kama makali ya kisu. Kipandikizi cha milimita 4 utakiweka wapi hapo?

Na kuna bonde. Taya la chini upande wa ulimi, chini ya magego, linaingia ndani kama kiuno. Drili ikishuka wima bila kujua kiuno hicho, inatokea nje ya mfupa upande wa ulimi. Huko, hasa ukisogea kuelekea mbele, kuna mishipa ya damu ya sakafu ya mdomo. Ikikatwa, damu haitoki nje ukaiona. Inajaa chini ya ulimi, ulimi unapanda, njia ya hewa inabanwa. Ni nadra, lakini ni moja ya dharura chache za kazi yetu zinazoweza kuua mtu, na OPG haioneshi lolote kuhusu bonde hilo.

#4 Hofu_ya_Mionzi

Jamani mie ndiyo hapo mnaponipoteza. Kila mtu piga picha, piga skani. Hiyo mionzi si inarundikana mwilini?

#5 Mpigapicha

Dada, kazi yangu ni mashine hizi, ngoja nisaidie. Mionzi yenyewe hairundikani, inapita na kuisha hapohapo. Kinachojumlika ni uwezekano mdogo wa madhara, ndiyo maana hatupigi bila sababu.

Kwa namba: OPG moja ni kama maikrosiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 10 hadi 25. CBCT ya eneo dogo ni makumi ya maikrosiveti, na ukifungua eneo mpaka kichwa kizima inaweza kufika mamia. Duniani kwa wastani mtu anapata karibu 2400 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula bila kupigwa picha yoyote. Yaani OPG ni kama siku chache za kuishi tu.

Umeona hapo tofauti iko kwenye ukubwa wa eneo. Pengo la jino moja halihitaji kuonesha mboni za macho. Kwa hiyo swali la kuuliza pale mlangoni ni "mnapiga eneo gani?" Kama una mimba au unahisi, sema kabla, hii ni kazi ya kupangwa na inaweza kusubiri.

Jingine ambalo watu hawalijui: picha nyingi mbovu zinaharibiwa na kutikisika. Mashine inakuzunguka kwa sekunde 10 hadi 20. Ukimeza mate katikati, taya linapanda na kushuka, ukingo wa mfupa unatoka na mistari miwili. Vokseli (kichembe kidogo kabisa cha picha) ya milimita 0.2 haina maana kama kidevu kimetembea milimita 1. Mimi huwaambia wameze kabla, wafumbe macho wasiifuate mashine, kidevu kwenye kiegemeo. Hereni, kipini cha pua na meno ya kuvaa, vyote vinatoka.

Na ukiona kwenye ripoti wameandika namba za ugumu wa mfupa kama zile za CT, skani kubwa ya hospitali, usizishikilie sana. CBCT rangi zake za kijivu hubadilika kutoka mashine hadi mashine.

#6 Mzee_wa_Koleo

Nasoma hapa natabasamu. Nimepandikiza kabla wengi wenu hamjaota magego. Gösta Larsson, pale Gothenburg, Sweden, mgonjwa wa kwanza wa vipandikizi hivi vya titani, aliwekewa skrubu 4 na Per-Ingvar Brånemark, mwasisi wake, mwaka 1965. Amefariki 2006 akiwa nazo mdomoni. Mwaka 1965 hata CT ya kawaida haikuwapo, mgonjwa wa kwanza aliingia kwenye mashine ya Hounsfield, aliyebuni CT, 1971. Hizi CBCT za meno zimeanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, Waitaliano wa Verona ndio walitoa ya mwanzo. Sisi tulifunua ufizi, tukauona mfupa kwa macho, tukaupima kwa kalipa, tukatoboa tukimwagia maji.

Leo kijana anavalisha plastiki, hajafunua kitu, anatoboa kama anayechoma sindano. Hiyo plastiki inazuia maji yasifike kwenye drili. Mfupa ukifika nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu unaanza kufa. Hilo mnalisema kwa wagonjwa?

#7 Mpandameno

Shikamoo mzee wangu.

La maji umenikamata na nakubali. Kielekezi kinabana, na ukitoboa kwa pupa mfupa unaungua bila wewe kujua. Dawa yake ni drili kali, mwendo wa kuingiza na kutoa, maji yaliyopoa, na sindano ya pembeni ya kumwagia chini ya plastiki. Anayechukulia kielekezi kama leseni ya kukimbia atajuta wiki chache baadaye kipandikizi kikianza kucheza.

Ila la Larsson naomba tulikamilishe. Vile vya mwanzo kwa sehemu kubwa viliwekwa mbele ya taya la chini, katikati ya matundu mawili ambamo neva inatokea. Neva ya kuogopwa imebaki nyuma. Na meno yaliyofungwa juu yake yalifuata skrubu zilipoangukia, ndiyo maana unakumbuka yale yaliyoinuliwa juu ya nguzo ndefu mpaka upepo unapita chini. Mgonjwa wa leo anataka jino litokee kwenye ufizi kama lilizaliwa pale. Hapo unaanza na jino, unashuka nalo hadi mfupani, na kama mfupa haupo chini ya jino unajua mapema badala ya kugundua ufizi ukiwa wazi.

Nami sisemi kielekezi kinapiga ndani ya nukta. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka 2018 ulipata wastani wa kukosea milimita 1.2 pale drili inapoingilia, milimita 1.4 kwenye ncha, na nyuzi 3.5 za kuinama. Huo ni wastani, kuna waliokosea zaidi. Ndiyo maana tunaacha milimita 2 juu ya neva, 1.5 kutoka kwenye jino la jirani, na 3 kati ya kipandikizi na kipandikizi. Mtu anayepanga kubakiza nusu milimita juu ya neva eti kwa sababu programu imemruhusu, anachezea mdomo wa mwenzie.

#8 Mzee_wa_Koleo

Marahaba. Hizo nguzo ndefu nazikumbuka, wagonjwa walikuwa wanatema mate wakisema herufi S. Haya, endelea.

#9 Fundi_Resini

Nipo maabara, nachapa vielekezi. Kwanza niwaombe kitu: kiiteni kielekezi. Kwetu watu wamezoea kutamka kile kizungu chake, "guide", siku moja mwenzangu akampigia mgonjwa simu, "gaidi lako limeshafika", yule baba akakata.

Sasa tuje kwenye kazi. Makosa ninayoyaona mimi yanazaliwa mapema, pale picha mbili zinapounganishwa. CBCT inaona mfupa vizuri lakini nyuso za meno inaziona kwa ukungu. Skana ya mdomoni inaona nyuso za meno kwa ukali, mfupa haiujui. Tunazishona kwa kutafuta meno yaleyale kwenye picha zote mbili. Mgonjwa akiwa na krauni (kofia za meno) za chuma, kwenye CBCT zinatoa miali kama jua la mtoto wa chekechea, meno yanapotea, nashona kwa kukisia. Akiwa amepigwa meno yakiwa yameumana, ya juu na ya chini yanageuka kitu kimoja. Tafadhalini wekeni pamba katikati ang'ate, meno yaachane.

Mkiona nimewaandikia "naomba picha nyingine" msinune. Mshono ukikosea milimita 1, kielekezi kitawakaa mdomoni vizuri kabisa, vidirisha vyote vimegusa, na kitawapeleka pasipo. Hilo ni baya kuliko kisa cha daktari hapo juu, maana halina ufa wa kuona.

Jingine, urefu wa drili. Kwenye kielekezi drili inaanzia juu ya tundu la chuma. Kama juu ya tundu mpaka shingo ya kipandikizi ni milimita 9, kipandikizi cha 10 kinahitaji drili inayoshuka 19. Nimewahi kupigiwa simu mgonjwa yuko kitini, "fundi, drili yako ndefu mno!" Siyo ndefu. Soma karatasi niliyokufungia ndani ya mfuko. Nayo resini, ile plastiki tunayochapia, isipooshwa na kukaushwa kwenye mwanga kwa muda wake, inajikunja. Ukiipitisha kwenye joto la kuua vijidudu, hakikisha ni aina inayolistahimili.

#10 Mpandameno

Fundi, hiyo ya mshono ndiyo inayoninyima usingizi, na ndiyo sababu ya kile kipini changu. Kipini hakijali nani kakosea: fundi, programu, zibo, mimi. Kinaonesha drili imeingia wapi. Angalizo tu kwa wenzangu: filamu ile inaona mbele na nyuma, haioni upande wa shavu na wa ulimi. Huko unategemea macho na kidole.

#11 Binti_wa_Mama

Samahani, mnaongelea meno ya kushikilia kielekezi. Mama yangu hana jino hata moja. Kwake kinashikiliwa na nini?

#12 Mpandameno

Dada, kinakaa kwenye ufizi, na ufizi ni godoro. Ukikandamiza upande huu, ule unainuka. Kwa hiyo usahihi wake hushuka ukilinganisha na mwenye meno.

Tunafanya hivi. Tunachukua meno yake ya kuvaa yanayomkaa vizuri (yasipokaa, yanatengenezwa mengine kwanza, hapo hakuna njia ya mkato), tunayabandika alama ndogo 6 au 8 zinazoonekana kwenye mionzi. Tunampiga CBCT akiwa ameyavaa na ameyang'ata, kisha tunapiga meno yenyewe peke yake. Kompyuta inalinganisha alama na kuweka meno mahali pake juu ya mfupa. Siku ya kazi kielekezi anakiuma kwenye kipimo cha mng'ato, tunakifunga kwa vipini vya pembeni vinavyoingia mfupani, ndipo tutoboe. Muulize pia mama anafunua mdomo kiasi gani. Drili ya kielekezi ni ndefu, na kwa magego ya nyuma wengine haiingii hata ukiomba.

#13 Tekno_Kinywa

Mbona hakuna aliyegusa kamera na roboti? Kuna mifumo ya kamera inayofuatilia drili moja kwa moja kwenye skrini bila kielekezi cha plastiki.

#14 Mpandameno

Ipo. Alama moja inafungwa kwenye meno, nyingine kwenye drili, kamera inazisoma zote, unatoboa huku unatazama skrini. Uzuri wake unaweza kubadili mpango katikati, maji yanafika, na unaona mfupa. Alama ya kwenye meno ikilegea bila wewe kujua, skrini itakudanganya kwa rangi nzuri sana, kwa hiyo kila baada ya muda unagusa jino kwa ncha ya drili uone kama skrini inakubali. Roboti nazo: Yomi iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2016, na Wachina, pale Xi'an, 2017 walitangaza vipandikizi 2 vilivyowekwa na roboti yenyewe. Sijawahi kushika hata moja, nisijifanye mjuzi.

#15 Pengo_Kushoto

Wakuu, mrejesho. Nilirudi kwa daktari wangu na swali la gololi. Akacheka, akasema hakuweka, akaniandikia CBCT ya eneo dogo. Nimemeza mate kabla kama Mpigapicha alivyofundisha.

Leo amenikalisha mbele ya skrini. Amechora neva kwa mstari mwekundu, akawa anakata taya langu vipande kama mkate. Kimo: kwenye OPG alikuwa amesoma 16, hapa ni 12.5. Unene juu ni milimita 4.5, ukishuka kidogo inafika 7. Na hilo bonde la upande wa ulimi ninalo. Amesema alikuwa amepanga kipandikizi cha milimita 12, sasa ameshuka hadi 8, na ataongeza mfupa upande wa shavu. Je, 8 si kifupi?

#16 Mpandameno

Urefu wa 8 kwa mfupa wako ni uamuzi wa mtu anayelala usingizi. 12.5 toa 8 ni 4.5 juu ya neva, na akisawazisha ule ukingo mwembamba kidogo bado ana akiba. 12 ingekuachia nusu milimita. Ungeamka mdomo wa chini na kidevu vimekufa ganzi, na hapo mtu anahesabu saa: kipandikizi kitolewe mapema, ndani ya siku moja na nusu, ndipo neva ipate nafasi nzuri ya kupona. Mfupa wa kuongeza upande wa shavu nao ni sahihi, tunataka ubaki walau milimita 1.5 pande hiyo.

Una zibo lolote kwenye meno ya jirani?

#17 Pengo_Kushoto

Lipo, la nyuma, na limeanza kumeguka. Nilipanga kwenda kulirekebisha Jumatatu.

#18 Fundi_Resini

USIGUSE.

#19 Mpandameno

Au liguse, lakini mpigie daktari wako kwanza, azibe yeye, kisha askani meno upya kabla fundi hajachapa. CBCT haina haja ya kurudiwa, mfupa haujahama na meno mengine yanatosha kushonea.

#20 Pengo_Kushoto

Nimempigia. Kasema nije Jumatatu hiyohiyo, anaziba asubuhi na kuskani mchana. Nimemuuliza na habari ya kipini, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wewe unasoma wapi haya mambo?"